Uanaume Haupimwi kwa Mboga

Katika msimu uliopita wa korosho tulipita Chiungutwa, wilayani Masasi, tukaketi kwa mama lishe mmoja kula chakula cha mchana pamoja na wachukuzi waliokuwa wakipakia magunia. Kijana mmoja mwenye kifua kipana aliagiza ugali kwa kisamvu. Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Sisi si mbuzi, bwana." Mwingine akatamka neno baya zaidi, akitia shaka kama kijana yule huwatamani wanawake kama wanaume wengine. Kijana aliinamisha kichwa, akabadili agizo lake, akaomba nyama ambayo hakuwa na fedha za kuilipia. Akala kwa deni.

Ndugu wasomaji, jambo hili twaliona dogo kwa sababu limezoeleka. Lakini mtu akiacha chakula apendacho na akiwezacho, akakopa asichokiweza kwa kuogopa kuitwa mwanamke, basi mzaha umekwisha kuwa mzigo. Yafaa tuulize: uanaume na majani vina uhusiano gani?

Kwanza lugha yetu yenyewe yatusuta. Katika Kiswahili cha majumbani, mboga ni chochote kiliwacho kwa ugali. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, mbaazi ni mboga, na kisamvu ni mboga. Waliotuachia neno hili waliviweka vyote katika sahani moja. Sisi ndio tuliovitenga, tukampa mwanamume kimoja na mwanamke kingine.

Kutenga huko kuna asili yake. Kusini mwa nchi yetu ng'ombe walikuwa wachache kwa ajili ya mbung'o, na nyama iliyopatikana ilikuwa zaidi ya mwituni. Wanaume ndio waliokwenda kuwinda. Wanawake ndio waliochuma majani ya kunde, ya maboga na ya muhogo shambani. Hivyo nyama ikawa sifa ya awindaye, na majani yakawa alama ya achumaye. Leo wengi wetu hatujashika mkuki hata siku moja. Nyama twainunua buchani, tena pengine kwa fedha za korosho alizookota mke. Sifa ya mwindaji twaidai kwa uwindaji gani?

Pili, kuna uvumi huu wa kuhusisha majani na tamaa ya mwili. Twasema waziwazi: hakuna chakula kinachomgeuza mwanamume ampende mwanamume mwenzake, wala hakuna kinachomzuia. Walaji wa nyama wamo wa kila namna, na walaji wa mchicha vivyo hivyo. Huko Marekani na Ulaya nako watu wameeneza maneno ya kwamba soya huwapunguzia wanaume homoni ya kiume. Wataalamu walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi na kuyatangaza mwaka 2010, kisha wengine wakafanya hivyo tena mwaka 2021; mara zote mbili hawakuona upungufu huo. Sahani ya mtu haitoi habari za moyo wake.

Tena uvumi huo si mchezo. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu ina kifungo kirefu sana kwa tendo linalodokezwa na maneno hayo. Basi amtupiaye mwenzake tuhuma ya namna hiyo kwa sababu ya bakuli la kisamvu, amchezea maisha yake, kazi yake na utulivu wa nyumba yake. Chama cha watu wanaoitana ndugu hakiwezi kulea desturi ya kumvua mtu heshima yake kwa kicheko cha mezani.

Wapo watakaosema kwamba nyama ndiyo nguvu. Maneno haya si mageni. Mohandas Gandhi ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi, alipokuwa kijana, rafiki yake alivyomshawishi ale nyama kwa siri, akimwambia kwamba Waingereza wanawatawala Wahindi kwa sababu wao hula nyama. Alijaribu, kisha akaacha. Mtu huyo asiyekula nyama aliongoza mamilioni ya watu, na mwaka 1947 bendera ya Mwingereza ikateremshwa India. Nguvu iliyoishinda dola haikutoka buchani.

Mwaka 2014 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya wapiganaji wa zamani wa Kirumi, iliyofukuliwa Efeso katika nchi ya Uturuki. Wanaume hao, waliokuwa wakipigana kwa panga mbele ya umati, waliishi zaidi kwa nafaka na jamii ya kunde. Na hapa jirani, wakimbiaji wa Kenya hula ugali, sukuma wiki, maharage na maziwa, na nyama si ya kila mlo. Eliud Kipchoge, aliyekulia katika chakula hicho, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Nani atamwita mwanamke?

Lakini hasara kubwa iko nyumbani. Baba akataaye majani hudai nyama au samaki kila jioni. Fedha za korosho ni za msimu, tumbo ni la mwaka mzima. Ifikapo Machi mfuko umekauka, na kinachopatikana hupakuliwa kwanza kwa baba, watoto wakibakiwa na mchuzi. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu zake ni nyingi, lakini mtoto wa kiume amwonapo baba yake akisukuma bakuli la mboga kando, naye hujifunza kulisukuma.

Wala hatusemi nyama ni haramu. Apataye na ale, pamoja na watoto wake. Twasema kwamba Newala na Masasi, ambako maji ni ya shida na bustani hunyauka, muhogo husimama kijani wakati wa kiangazi. Majani yake yakitwangwa vizuri, yakachemshwa kwa muda wa kutosha mpaka sumu iishe, kisha yakaungwa kwa karanga au korosho, ni chakula cha kumshibisha mtu wa jembe. Mwaka 1975 taifa zima lilifundishwa katika kampeni ya "Chakula ni Uhai". Somo lile halikuwa la wanawake peke yao.

Wazee wetu wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao walikuwa na kipimo chao cha uanaume, nacho ni jando. Kipimo hicho kilikuwa na uzito hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi, katika miaka ya 1920 na 1930, akaona ni heri kukiingiza kanisani kuliko kukifuta. Jando humpima kijana kwa kuvumilia maumivu, kutunza siri, kuheshimu wakubwa na kuwa tayari kubeba nyumba. Kijana wa Chiungutwa aliyebeba magunia tangu alfajiri alikuwa ameshinda kipimo hicho kabla hajaketi kula.

Basi viongozi wa matawi na wafanyakazi waanze wao. Katika mikutano na karamu zetu mboga za majani ziwekwe mezani, na wakubwa wazile mbele ya vijana. Baba na apande mchicha, na achume kisamvu mwenyewe bila haya. Na akisikia mtu akichekwa kwa sababu ya sahani yake, asinyamaze. Mwanamume ni yule ambaye watoto wake hulala wameshiba, na jirani yake hulala bila kuogopa ulimi wake.