Kabla ya Kuruka Juu ya Maji



Katika simu za wengi wenu hupita picha za mtu aliyesimama juu ya ubao, akiteleza ziwani bila tanga, bila kasia na bila wimbi la kumsukuma. La ajabu zaidi ni kwamba ubao wenyewe haugusi maji. Umeinuka juu yake kama ndege anayewinda samaki, na nyuma yake hauachi povu wala kelele. Mmoja wenu hutazama na kusema: hayo ni mambo ya matajiri wa mbali. Mwingine husema: siku moja nami nitaruka hivyo juu ya Ziwa Kivu. Kwa maoni yangu, wote wawili wameuacha mlango wazi wakachungulia dirishani. Jambo linalotufaa sisi wa Bukavu ni namna mtu anavyofundishwa kuupanda ubao huo, hata kama ubao wenyewe hautatufikia kamwe.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Chini ya ubao imeshuka nguzo nyembamba isiyofika mita moja, na mwishoni mwake yamefungwa mabawa mawili, la mbele kubwa na la nyuma dogo. Mota ndogo ya umeme huzungusha rafadha chini ya maji, na betri imefichwa ndani ya ubao. Mpandaji hushika mkononi kifaa kidogo kinachoamuru mwendo. Maji yanapopita juu na chini ya mabawa hayo, huyainua kama vile hewa inavyoliinua bawa la ndege. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo ya kuinua huongezeka mara nne.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1906 Mwitalia Enrico Forlanini alijaribu chombo cha namna hiyo katika Ziwa Maggiore. Mwaka 1919 chombo kilichobuniwa na Alexander Graham Bell, yuleyule tunayemkumbuka kwa simu, pamoja na mwenzake Casey Baldwin, kilikimbia kwa kilomita 114 kwa saa katika ziwa la Bras d'Or nchini Kanada. Kilicho kipya ni betri na mota ndogo zilizomwezesha mtu mmoja kusimama peke yake juu ya mabawa. Bei ya ubao wa chapa zinazojulikana huwa karibu dola 10,000, na mara nyingi huzidi hapo.

Sasa mtazameni anayeanza kujifunza. Hapewi mwendo siku ya kwanza. Kwanza huvishwa jaketi la kuokolea maisha na kofia ngumu, hata kama ni mwogeleaji hodari. Kisha hufundishwa kuanguka: auache mwendo mara moja, ajitupe kando, mbali na ubao, kwa maana nguzo na mabawa vina makali yanayoweza kumjeruhi. Baada ya hapo hulala kifudifudi juu ya ubao na kwenda polepole. Akizoea, hupiga magoti. Akizoea tena, husimama, lakini ubao bado umekaa juu ya maji. Mwishoni kabisa ndipo huruhusiwa kuinuka, kidogo tu, uzito wake ukiwa umeegemea mguu wa mbele na macho yakitazama mbele, si miguuni.

Anayeruka hatua hizo huadhibiwa na maji yenyewe. Akiongeza mwendo na kuegemea nyuma, ubao hupaa ghafla, bawa hutoka nje ya maji, nguvu ya kuinua hupotea, naye huporomoka. Ndiyo maana mwalimu mwema humchagulia maji matulivu yenye kina cha kutosha, mbali na waogaji na mitumbwi, wala hamwachi bila mtu wa kumtazama.

Mchezo huo ni wa kujifurahisha. Anayeupanda angeweza kubaki nyumbani na asipoteze chochote. Hata hivyo amekingwa kuliko mama wa Idjwi anayevuka kuja sokoni na mzigo wake, kuliko mwanafunzi anayerudi likizo, kuliko mvuvi anayeshinda usiku kucha majini. Hawa hawachezi. Ziwa kwao ni barabara, na kina chake kinazidi mita 470 mahali palipo pa chini zaidi.

Hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imefungwa na vita, na wasafiri hawakuwa na njia ila maji. Boti MV Merdi, likiwa limebeba watu kupita kiasi, lilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Makumi ya abiria walipoteza maisha, ingawa nchi kavu ilionekana. Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2019, boti jingine lilizama katika ziwa hilihili na kuacha vilio Kalehe, na baada yake Rais wa Jamhuri aliagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea. Agizo tulilipata. Mazoea hatujayapata.

Najua majibu yanayotolewa. Wapo wanaosema jaketi ni ghali. Ni kweli kwa maskini, lakini mwenye boti anayenunua mota na mafuta hawezi kuliita jaketi anasa. Wapo wanaosema: sisi ni watoto wa ziwa, hakuna wa kutufundisha maji. Hili ndilo kosa zito zaidi. Wengi wetu tumezaliwa mahali ambapo ziwa linaonekana kutoka mlangoni, toka Nguba hadi Muhumba, lakini kuliona ziwa kila asubuhi hakumfundishi mtu kuogelea. Methali yetu husema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni kweli, lakini kuoga si kuogelea, na wahenga hawakumwagiza mtu ayavulie nguo maji asiyoyajua.

Kwa hiyo, napendekeza vikundi vya vijana vifanye jambo moja ambalo halihitaji dola 10,000. Kila kikundi kitafute watu wazima wanaojua kuogelea vizuri, kichague mahali penye maji matulivu na chini panapofikika kwa miguu, na kuanza na wachache, kadiri wasimamizi wanavyoweza kuwatazama wote. Wasichana wasiachwe ufukweni kulinda nguo za kaka zao. Nao husafiri kwa boti. Somo la kwanza liwe kutulia: kuelea chali na kupumua bila hofu. Kusonga mbele kutafuata. Somo jingine liwe la kuokoa bila kufa: badala ya kumrukia anayezama, mrushie bidoni tupu iliyozibwa vizuri na kufungwa kamba, kwa maana mwenye hofu humshika mwokozi wake na kuzama naye.

Na siku kikundi kitakaposafiri kwenda Idjwi au Goma, kiongozi ahesabu majaketi kabla ya kukusanya nauli. Yakipungua, kikundi kisipande. Wenye boti wataudhika mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu watanunua.

Huenda mmoja wenu, miaka ijayo, akasimama kweli juu ya ubao wenye mabawa katika ghuba ya Bukavu, naye ataanza kwa kulala kifudifudi kama wengine wote. Lakini wapo wengi zaidi ambao hawataugusa ubao huo maisha yao yote, na wataingia katika boti wiki hii hii. Hao ndio wanaohitaji kujua leo namna ya kuanguka majini na kubaki hai.