Mzigo Mkubwa Nao Upimwe

Tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa zinataka uzito wa kila kasha lenye shehena uthibitishwe kabla ya kupakiwa melini. Lakini mashine ya kusaga, tangi la maji na nguzo ya chuma huweza kusafirishwa bila kasha. Vikivushwa Ziwa Victoria, jicho la kuli lisiwe ndiyo mizani.

Wananchi wa visiwani hawajasahau MV Bukoba, mwaka 1996, wala MV Nyerere, mwaka 2018. Vyombo vyote viwili vilizidiwa. Mkulima wa Murukulazo, Ngara, akiagiza mashine kutoka Mwanza, hataki ifike kwa gharama ya roho za watu.

Tunawaomba wahusika waweke mizani na winchi katika kila gati, na mzigo mzito usichanganywe na abiria. Majuto ni mjukuu.