Akiba ya Jua Huoza

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi, nasi tumelikariri tangu utotoni bila kulihoji. Ni neno la kweli kwa mahindi yaliyokauka vizuri. Kwa jua si kweli hata kidogo. Jua aliloliota mtu Dodoma, Mombasa au Bukavu halifungwi mzigoni likaja kumfaa katika nchi ambayo jua lenyewe halichomozi. Nayaandika haya kwa ukali kidogo, na msomaji atanisamehe, kwa kuwa limeenea miongoni mwa wazee wenzangu neno baya lenye sura ya hekima. Neno lenyewe ni hili: "Mtoto wa Kiafrika ni mtoto wa jua; matone ya vitamini ni ya Wazungu."

Wajukuu wetu leo wako Norway, Sweden na Finland. Wengine wamefuata masomo, wengine kazi au ndoa, na wengine wamekimbia vita. Binti mmoja, ambaye mama yake nilimfundisha chuoni, alijifungua huko kaskazini mwa Norway. Muuguzi akamwelekeza ampe mtoto matone ya vitamini D kila siku. Binti akapiga simu nyumbani kuomba ushauri, kama mtoto mwenye adabu afanyavyo. Wazee tukakaa. Uamuzi uliotoka ni kwamba mtoto apakwe mafuta ya nazi, alazwe dirishani apigwe na jua, na matone yawekwe kando. Nilipopinga, niliambiwa kwamba mwalimu amezidisha vitabu. Basi hebu tuvifungue hivyo vitabu.

Tuanze na jambo ambalo kila mwalimu wa jiografia amelifundisha kwa kijiti kilichochomekwa uwanjani, yaani kivuli. Nairobi, mwezi Machi, jua likiwa utosini, kivuli cha mtu hukaribia kupotea chini ya nyayo zake. Siku hiyo hiyo, saa ya adhuhuri, katika mji wa Tromsø, mtu mwenye urefu wa mita 1.7 ana kivuli cha kama mita 4 na nusu. Hiyo ni Machi, wakati wenyeji wanafurahi kwamba jua limerudi! Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Jua likiinama namna hiyo, miale yake hupita hewani kwa mshazari, safari ndefu, na ile mionzi ya urujuanimno inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D humezwa angani kabla ya kufika ardhini. Kwa hiyo huko Tromsø, kuanzia Oktoba hadi Machi, mtu anaweza kusimama nje mchana kutwa na ngozi yake isitengeneze chochote cha maana. Na kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo hiyo hata katika kiangazi. Ushauri wetu wa dirishani ulikosea mara mbili.

"Lakini ana akiba ya tangu utotoni," alisema mzee mmoja. Hapana, mzee mwenzangu. Ile vitamini inayopimwa katika damu hupungua hadi nusu kwa muda wa kama wiki mbili au tatu isipoongezwa. Mafuta ya mwili huhifadhi kiasi na kukitoa kidogo kidogo, lakini ghala hilo halina uwezo wa kumlisha mtu kwa miaka. Aliyetua kaskazini mwezi Septemba akiwa ameshiba jua, kufika Februari ana njaa nalo. Tena kitoto kichanga hakina ghala lolote ila lile la mama yake. Mama akipungukiwa, naye huzaliwa amepungukiwa. Vitamini hii ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Ikikosekana muda mrefu, mifupa ya mtoto hulainika na miguu hupinda. Ndiyo matege. Mtu mzima naye huumwa mifupa, misuli ikalegea, na kupanda ngazi kukawa kazi.

Wenzangu huuliza tena: mbona wenyeji wa huko wameishi karne na karne bila vichupa? Swali zuri, ila jibu lake linawageukia wao. Wenyeji hawakulitegemea jua la baridi, walikula. Kila mwaka, kuanzia Januari, samaki aitwaye skrei huja kutaga mayai katika pwani ya kaskazini mwa Norway, na watu wa huko wana chakula chao, mølje, ambamo nyama ya samaki huyo huliwa pamoja na ini lake na mayai yake. Ini hilo limejaa vitamini D. Watu wa Greenland walikula samaki wenye mafuta na wanyama wa baharini kama sili. Vipimo vilivyofanywa Greenland mwaka 1987, na vingine vya kati ya 2005 na 2010, vilionyesha kwamba vitamini D katika damu imeshuka, kadiri vyakula vya dukani vilivyochukua nafasi ya vile vya baharini. Jua la Greenland halikubadilika. Kilichobadilika ni sahani.

Wafini nao hawakungoja miujiza. Tangu 2003 walianza kutia vitamini D katika maziwa na siagi ya mimea, na 2010 wakaongeza kipimo maradufu. Wastani katika damu za watu wazima ukapanda kutoka nanomoli 48 kwa lita mwaka 2000 hadi 65 mwaka 2011. Na 50 ndicho kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa kinatosha. Ikiwa Mfini, mwenye ngozi iliyozoea kuokoteza miale haba, ameona haya hayatoshi bila maziwa yaliyoongezewa, sisi tunajidai nini?

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi wangu. Wazee wanaposema sisi ni watoto wa jua, wanasema kweli, maadamu tuko chini ya jua. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, watu wanaoshinda nje, na wastani wao ukawa 115. Wazungu wachache wana utajiri wa namna hiyo. Lakini ngozi nyeusi ni mwavuli uliotengenezwa kwa jua kali, na mwavuli haujui kwamba mwenyewe amehama. Kule kaskazini huendelea kukinga hata mialeya michache ya kiangazi. Ndiyo maana katika utafiti mwingine, uliofanywa kusini mwa Finland majira ya baridi ya 2014 na 2015 kwa wanawake wa Kifini na wenye asili ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya hao wetu walianza wakiwa chini ya 50, ilhali Wafini waliokuwa chini walikuwa wachache. Walipopewa vitamini kila siku, damu zao ziliitika. Basi ngozi haina kosa, na afisa yeyote wa afya anayemweleza dada yetu habari hii kana kwamba weusi ni ugonjwa anastahili kukanywa. Lakini kukasirishwa na lugha ya mjumbe si sababu ya kuuchana ujumbe.

Anayedhani haya ni mambo ya watu dhaifu na atazame Antaktika. Katika kituo cha McMurdo, ambako majira ya baridi ni usiku wa miezi, wafanyakazi waliochujwa kwa afya zao walipewa vitamini D kwa viwango mbalimbali, na matokeo yakachapishwa 2009. Waliopata mikrogramu 50 kwa siku walifikia wastani wa 71. Wachache ambao hawakutumia kitu walikuwa na 34. Giza halikuuliza mtu kabila lake.

Nisieleweke vibaya. Sipigi debe la wauza vidonge. Wapo wanaonadi vitamini hii kama kinga ya saratani, moyo na kila maradhi yenye jina. Marekani walifanya jaribio kwa watu zaidi ya 25,000, na matokeo yaliyotolewa 2018 hayakuonyesha kwamba vidonge hivyo vilipunguza idadi ya waliopata saratani wala maradhi ya moyo. Wengi wa watu hao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na aliyeshiba hanenepeshwi kwa kuongezewa tonge. Tena ikizidi hudhuru: kalsiamu hujaa katika damu na figo huumia. Mapendekezo ya nchi za kaskazini ni ya kiasi tu: mikrogramu 10 kwa siku kwa walio wengi, na 20 kwa wenye miaka 75 na kuendelea. Anayehitaji zaidi apimwe, aambiwe na daktari.

Nimalizie kwa kuwageukia wazee wenzangu, maana hao ndio ninaogombana nao. Vijana wanatupigia simu kwa heshima. Heshima hiyo ni amana, si ruhusa ya kusema lolote. Tukiulizwa habari za mahari, majina ya koo au mashamba, tujibu, tunayajua. Tukiulizwa habari za nchi ambayo hatujawahi kuona kivuli chake, tuseme: mwanangu, msikilize muuguzi wako, na ukiwa na shaka umuulize tena. Hatutapungukiwa na mvi hata moja. Tumezoea kuwatisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nauliza, na ninaomba nijibiwe: mkuu akinena asilolijua, mtoto akasikia na kutii, guu litakalopinda ni la nani?