Tusifunge Nakala za Simu Kisha Tukapoteza Ufunguo



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi na wazazi, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona si la jarida la madrasa, nalo ni neno la siri la nakala ya simu. Sisi tunasema ni la madrasa. Ndani ya simu za watu wetu hapa Nakwa mna madeni, mna maagizo ya wasia, mna sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki. Na aghlabu anayeweka kufuli juu ya vitu vyote hivyo ni mwanafunzi wa miaka 14.

Simu ikiibiwa au ikitumbukia majini, kinachobaki ni nakala ya akiba, ile ambayo vijana huiita bekapu. Tangu Oktoba 2021 WhatsApp inamruhusu mtumiaji kuifunga nakala hiyo kwa neno la siri alilolichagua mwenyewe, au kwa ufunguo mrefu wa herufi na tarakimu 64. Ukishafunga, nakala iliyoko Google au iCloud inakuwa mchafuko usiosomeka. Google hawawezi kuisoma, Apple hawawezi, na WhatsApp wenyewe wametamka wazi kwamba aliyepoteza mazungumzo yake na kusahau neno la siri hawana la kumsaidia.

Hapo ndipo watu wetu wanapochanganya mambo. Mtu akisahau namba ya siri ya fedha za kwenye simu, anakwenda dukani kwa kampuni ya mtandao na kitambulisho chake cha NIDA, anaweka kidole, anapewa namba mpya, salio lake analikuta. Hivyo anadhani kila kufuli duniani ina ofisi yenye ufunguo wa pili. Lakini fedha zile zimeandikwa katika daftari la kampuni, na namba ya siri ni hodi tu ya mlangoni. Nakala iliyofungwa ni kitu kingine kabisa. Neno la siri ndilo linalozaa ufunguo wenyewe, au ndilo linaloulinda mahali ambapo hakuna mwanadamu anayeingia. Huna neno, huna nakala.

Wapo wanaolaumu, wanasema huu ni ukatili wa makampuni. Hatukubaliani nao. Kufuli ambayo fundi anaweza kuifungua kwa kukuonea huruma, mwingine ataifungua kwa kukuonea husuda. Sisi tumekatazwa kupelelezana, na katazo hilo liko katika Suratul Hujurat ambayo wanafunzi wetu wengi wameihifadhi; itakuwaje basi tukasirike kwa kuwa siri zetu hazipelelezeki?

Elimu ya kuvunja maandishi ya siri nayo haikuanza Ulaya, vijana wetu wapate kulijua hilo. Katika karne ya 9, pale Baghdad, Al-Kindi aliandika risala akieleza namna ya kusoma maandishi yaliyofichwa kwa kuhesabu ni herufi zipi zinajirudia zaidi. Risala hiyo ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana katika fani hiyo. Njia yake ilitosha kwa siri za zama zile. Usimbaji wa simu za leo hauachi herufi yoyote ijirudie kwa mpango unaohesabika, hivyo mwizi hubaki na njia moja tu, nayo ni kubahatisha neno la siri lenyewe.

Na kubahatisha ni kazi ya kuchosha. Neno la herufi 8 ndogo, a mpaka z, lina uwezekano zaidi ya bilioni 208. Ukijaribu moja kila sekunde bila kulala utamaliza baada ya miaka zaidi ya 6,600. Kompyuta huenda kasi kuliko hivyo, ndiyo maana waliotengeneza kufuli hizi wakaweka vizuizi. Nakala ya iPhone inayohifadhiwa kwenye kompyuta imewekwa hesabu za marudio milioni 10 kwa kila jaribio moja, makusudi ili kumchelewesha anayebahatisha. Hazina ya funguo ya WhatsApp yenyewe huruhusu majaribio machache tu, kisha ufunguo hupotea moja kwa moja. Mwaka 2021 dunia ilisikia habari ya Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta anayeishi Marekani, aliyefungia bitcoin 7,002 katika kifaa kinachoruhusu majaribio 10. Alikuwa ameshatumia 8. (Hukumu ya sarafu hizo tunawaachia masheikh.) Ikiwa mtaalamu amekwama namna hiyo, basi anayekwambia umpe elfu hamsini afungue nakala yako kesho asubuhi, muulize kwanza atafanyaje. Akishindwa kueleza, rudi nyumbani na pesa yako.

Hata hivyo, si kila aliyesahau amepoteza. Kama simu ya zamani bado inawaka na WhatsApp bado imo, usiifute na wala usiiuze. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya nakala ya mazungumzo, uchague kubadili neno la siri na useme umelisahau. Itakutaka kidole au namba ya kufungulia simu, kisha utaweka neno jipya. Wenye iPhone waliosahau neno la nakala ya kwenye kompyuta wanaweza, tangu mwaka 2017, kurudisha mipangilio yote ya simu katika hali ya mwanzo bila kufuta picha wala ujumbe, halafu wakatengeneza nakala mpya. Ile ya zamani itabaki imefungwa. Na wenye simu za Android wajue kwamba tangu toleo la 9, la mwaka 2018, nakala ya Google hufunguliwa kwa ule mchoro au namba ya kufungulia simu ya zamani. Watu huuza simu na kuusahau mchoro wake siku hiyo hiyo! Kama limebaki kubahatisha tu, usiharakishe. Kaa na karatasi, andika maneno yote uliyokuwa ukiyatumia mwaka ule, herufi kubwa ulikuwa ukiziweka wapi, tarakimu za mwisho zilikuwa zipi, ndipo ujaribu.

Sasa tuje kwenye linalotuuma. Nyumba nyingi hapa kwetu fundi wa simu ni mtoto. Bibi ananunuliwa simu na wanawe walioko Arusha, mjukuu anaifungua, anaulizwa neno la siri, anaweka la kwake analolipenda, jina la mchezaji mpira pengine, anampa bibi simu yake na hasemi lolote. Januari anakwenda bweni. Bibi hajui kwamba ana nakala, hajui kwamba imefungwa, na siku simu ikiharibika anaambiwa kila kitu kimepotea, pamoja na sauti ya marehemu babu akiwausia watoto. Mwanafunzi wa madrasa anayejua maana ya amana hapaswi kufanya hivi. Neno la siri la simu ya bibi ni mali ya bibi.

Tazameni namna wema waliotangulia walivyofanya. Baada ya vita vya Yamama, ambamo mahafidh wengi waliuawa, Abubakar (R.A.) alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye Qur'ani. Kurasa zile zilikaa kwake, kisha kwa Umar, kisha kwa Bibi Hafsa (R.A.), na Uthman alipozihitaji alijua aende kwa nani, akaziazima na kuzirudisha. Nakala ilikuwapo, na mahali pake palijulikana. Sisi leo tunayo nakala huko mawinguni, lakini ukiuliza ufunguo uko kwa nani, nyumba nzima inatazamana.

Kwa hiyo tunashauri jambo ambalo baadhi ya wajuzi wa kompyuta watalicheka: andikeni kwenye karatasi. Karatasi moja, kwa kalamu, iwekwe pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, na mtu mmoja mwaminifu ajue ipo. Watasema karatasi huibiwa. Ni kweli, na nyumba yenye wageni wengi au yenye ugomvi iwe na tahadhari zaidi. Lakini mwizi wa mtandaoni aliyeko ng'ambo hawezi kufungua kabati la Nakwa, na mwizi wa Nakwa anataka simu yenyewe, hana haja na mazungumzo ya bibi. Kwa mzee wa miaka 70 hatari kubwa zaidi ni kusahau. Mwishoni mwa 2025 WhatsApp walitangaza pia njia ya kuifunga nakala kwa alama ya kidole au uso badala ya kukariri neno; wenye simu zinazokubali waitazame.

Limebaki la wasia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika madeni, na leo mfanyabiashara wa mbaazi hapa Babati anaandikiana na mteja wake kwenye simu: magunia kadhaa, nimepokea nusu, iliyobaki baada ya mavuno. Akifa, warithi watamlipaje anayemdai, na watamdai vipi anayedaiwa, ikiwa daftari lote limefungwa kwa neno alilokwenda nalo kaburini? Tunaomba wazazi wanaoandika wasia waongeze bahasha iliyofungwa yenye neno hilo, juu yake waandike jina la atakayeifungua na kwa ajili gani: madeni tu, si mazungumzo ya mke na mume. Nanyi wanafunzi, likizo ya Ramadhani inakaribia. Mkifika nyumbani muulizeni bibi simu yake iko wapi, na mwende na kalamu.

Wabillahi tawfiiq.