Kipuri cha Ziada si Chuma Chakavu

Katika maghala ya viwanda vya kuchambua pamba na vibanda vya mashine za kusaga nafaka, Bariadi na kwingineko mkoani Simiyu, si ajabu kukuta vipuri vipya ambavyo havijapata kutumika. Mashine iliyokusudiwa imekwisha kuondolewa, wala hakuna akumbukaye vilinunuliwa kwa kazi gani. Hatimaye huuzwa kwa kilo.

Upotevu huu watokana na mazoea ya kukijua kipuri kwa jina la mashine. Fundi huuliza, "Hiki ni cha mashine gani?" Swali lililo bora ni, "Hiki kina vipimo gani?"

Beringi ni mfano ulio wazi. Yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15, iwe imetengenezwa Japani, Ujerumani au China. Katika namba za jamii hiyo, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu. Basi beringi iliyonunuliwa kwa mota ya kiwandani yaweza kufungwa katika pampu ya maji au mashine ya kukoboa, mradi shafti na kikalio chake viwe vya vipimo hivyo.

Hata hivyo, kuingia si kufaa. Herufi zifuatazo namba zina maana yake. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS ni vya mpira, ambavyo huzuia vumbi la unga na nyuzi za pamba kwa ubora zaidi. C3 ni nafasi ya ndani iliyo kubwa kuliko ya kawaida, kwa mashine zipatazo joto. Azipuuzaye atafunga leo na kufungua kesho.

Vipo pia vipuri ambavyo mtengenezaji amevipa namba zake mwenyewe. Hivyo havina budi kupimwa kwa kalipa na kulinganishwa na kilichochakaa.

Kwa hiyo yafaa kila ghala liwe na daftari la namba, vipimo na hali ya kila kipuri, na wenye mashine wa mji mmoja wajulishane yaliyomo. Vyuo vya ufundi navyo viufundishe usomaji wa namba hizi kwa mkazo uleule wa uchomeleaji. Msimu wa pamba haumngoji mtu: mashine husimama na mkulima hukaa foleni, hali kipuri kinachoagizwa kutoka Mwanza kimelala sandukuni kwa jirani.