Chumvi za Sitreti na Suala la Bohari

Neno chumvi, katika mazungumzo ya kila siku, humaanisha ile ya mezani peke yake. Wanakemia hulitumia kwa upana zaidi: asidi ikutanapo na besi, ukali wa zote mbili ukaisha, kinachobaki ni chumvi na maji. Asidi iliyomo katika ndimu, limau na chungwa huitwa asidi ya sitriki, na chumvi zake huitwa sitreti. (Ukali wa ukwaju watokana hasa na asidi nyingine, ingawa ulimi hauzitofautishi kwa urahisi.) Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, ndiye aliyeitenga asidi ya sitriki kutoka katika maji ya limau mwaka 1784. Siku hizi viwanda havitegemei tena malimau. Mwaka 1917 James Currie alionyesha kwamba ukungu mweusi uitwao Aspergillus niger huweza kugeuza sukari kuwa asidi hiyo kwa wingi, na tangu hapo kazi ya mashamba ikahamia katika matangi.

Wapo wasomaji ambao, wakiona alama E331 au maneno "sitreti ya sodiamu" juu ya kopo la chakula, huingiwa na shaka na kusema kwamba wanalishwa kemikali. Shaka hiyo haina msingi. Karibu kila chembe hai ya mwili wa binadamu hutengeneza sitreti na kuivunja usiku na mchana, kwani ni kiungo cha mzunguko ule wa kutoa nguvu katika chakula ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Yafaa watu wajiulize swali jingine lenye maana zaidi, nalo ni hili: kwa nini chumvi isiyo na sifa yoyote ya kushangaza imepata nafasi katika jibini, katika chupa ya damu na katika pakiti ya dawa ya mtoto anayeharisha? Jibu lake lagusa jambo ambalo sayansi ya nchi za joto imelipuuza mno, yaani kudumu kwa vitu bohari na njiani.

Jibini ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1911, huko Thun nchini Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler walikuwa wakitafuta jibini ambayo ingestahimili safari ya kwenda nchi za joto. Jibini ya kawaida ikipashwa moto hutengana, mafuta yakaelea upande mmoja na protini ikabaki bonge gumu upande wa pili. Sitreti ya sodiamu huinyang'anya protini hiyo kalisi, madini yale yale yaliyomo katika chokaa na mifupa, nayo protini ikilegea huweza kuyashika mafuta yasitoroke. Jibini iyeyushwayo namna hiyo huua vijidudu vyake kwa joto, kisha hufungwa ikasafiri. Walaji wa jibini halisi wana haki ya kulalamika juu ya ladha yake, lakini kwa kudumu haina mpinzani.

Tabia hiyo hiyo ya kushika kalisi ndiyo iliyobadilisha tiba ya damu. Damu ikitoka mwilini huganda kwa dakika chache, na haiwezi kuganda pasipo kalisi. Kabla ya mwaka 1914, mgonjwa aliyehitaji damu alilazwa ubavuni mwa mtoaji, na daktari mpasuaji akaunganisha mshipa kwa mshipa. Haikujulikana vyema ni kiasi gani cha damu kilichopita, na mtoaji asipokuwapo hospitalini saa ile ile, hapakuwa na tiba. Mwaka huo wa 1914 Albert Hustin huko Brussels na Luis Agote huko Buenos Aires, kila mmoja kwa njia yake, waliwatia wagonjwa damu iliyochanganywa na sitreti. Mwaka uliofuata Richard Lewisohn wa New York alitatua tatizo lililobaki, nalo ni la kipimo. Sitreti ikizidi hudhuru, kwa kuwa hunyang'anya kalisi ya mgonjwa mwenyewe. Lewisohn alionyesha kwamba asilimia 0.2 yatosha kuizuia damu isigande, nayo haimdhuru mgonjwa.

Mwaka 1916 Peyton Rous na J. R. Turner waliongeza sukari ili chembe nyekundu zipate chakula, na mwaka 1917 Oswald Robertson, daktari wa jeshi la Marekani, akawa anaihifadhi damu katika masanduku ya barafu karibu na medani za vita huko Ufaransa. Hiyo ndiyo asili ya benki ya damu. Mchanganyiko mmojawapo utumikao leo, wenye sitreti, fosfati, sukari na adenini, huiwezesha damu kukaa siku 35 katika jokofu. Tahadhari ya Lewisohn nayo haijapitwa na wakati: mgonjwa atiwaye damu nyingi kwa haraka, kama vile mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua, huweza kupungukiwa na kalisi, na daktari hana budi kuiangalia na kuirudishia.

Hata hivyo, kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki, sehemu ya kisa hiki iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kuharisha. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, walithibitisha kwamba mgonjwa wa kipindupindu huweza kurudishiwa maji mwilini kwa kunywa tu, maadamu maji hayo yana chumvi na sukari ya glukosi kwa kipimo, kwa sababu glukosi huivuta sodiamu katika ukuta wa utumbo, na maji yakafuata. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi maji hayo katika kambi ya Bangaon nchini India. Vifo, ambavyo vilikaribia asilimia 30 ya wagonjwa, vikashuka hadi asilimia 3.6.

Pakiti za kwanza zilizoenezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF zilikuwa na bikaboneti ya sodiamu, yaani soda ile ya kuumulia keki, kwa ajili ya kuondoa asidi inayozidi katika damu ya mtu aliyekaukiwa. Ilifanya kazi yake vizuri. Lakini ilikuwa na kasoro isiyoonekana katika maabara: unyevunyevu ukipenya ndani ya pakiti, bikaboneti huiharibu glukosi, unga ukashikamana mabonge na kugeuka rangi ya kahawia. Nani atamnywesha mwanawe unga wa kahawia? Mwaka 1984 bikaboneti iliondolewa, na mahali pake ikawekwa sitreti ya sodiamu. Sitreti haigombani na glukosi katika pakiti. Ikishanywewa, mwili huiunguza, na katika kuunguzwa kwake bikaboneti huzaliwa papo hapo mwilini. Wagonjwa walipona kwa sitreti kama walivyopona kwa bikaboneti, na faida kubwa iliyopatikana ilikuwa bohari, pale ambapo dawa hukaa miezi mingi chini ya paa la bati kabla ya kumfikia mgonjwa.

Wapo wadaio kwamba pakiti si lazima, na kwamba maji, chumvi, sukari na kamuo la ndimu yatosha. Maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini ndimu haiwezi kushika nafasi ya sitreti. Kilichomo ndani yake zaidi ni asidi yenyewe, siyo chumvi yake, na mwili ukiunguza asidi hiyo haupati akiba ya bikaboneti. Tena potasiamu inayopotea katika kuharisha hairudishwi vya kutosha kwa namna hiyo.

Kosa kubwa zaidi ni la wale wapangao utafiti, ambao hudhani kwamba kazi imekwisha pindi dawa inapothibitishwa kuwa inaponya. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya miaka mitano bado hufa kila mwaka kwa kuharisha, ilhali dawa yenyewe yajulikana kwa zaidi ya nusu karne. Kinachokosekana si ugunduzi wa molekuli mpya. Katika majaribio yaliyofanywa vijijini Zambia kuanzia mwaka 2011, pakiti ya lita moja ilibadilishwa ikawa ya mililita 200, na kasha lake likafanywa kuwa chombo cha kupimia maji. Akina mama wengi zaidi wakachanganya kwa usahihi. Mwaka 2019 pakiti hizo zikifungwa pamoja na vidonge vya zinki ziliingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kazi ya namna hiyo haileti medali wala sifa kubwa katika majarida, na mwanafunzi wa chuo kikuu aombaye kuchunguza unyevunyevu wa bohari za zahanati za Mtwara au Lamu aghalabu huambiwa atafute mada ya kisayansi zaidi. Ushauri huo ni mbaya, na vyuo vinavyoutoa vinapoteza vijana waliokwisha kuona tatizo lilipo.

Kipimo kilichotangazwa mwaka 2002 ndicho kitumikacho hadi sasa: kwa kila lita ya maji safi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Maji yaliyokwisha kuchanganywa yatumike ndani ya saa 24, na yatakayobaki yamwagwe. Pakiti iliyotoboka, au ambayo unga wake umefanya mabonge au umebadilika rangi, irudishwe ilikotoka, na mganga wa zahanati aandike ilikaa bohari gani na kwa muda gani.