Bei ya jirani si kipimo cha kiondo chako

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufunzwa shuleni mwaka nenda mwaka rudi, ikatungiwa insha na kusahihishwa. Lakini ni nadra kuiona ikitumika pale inapohitajika zaidi, yaani kwa fundi mdogo anayeuza kazi ya mikono yake katika masoko ya intaneti.

Siku hizi mama wa Ukambani anayesuka viondo, au mchongaji wa mawe ya Tabaka kule Kisii, halazimiki kumngoja mtalii kando ya barabara. Picha moja ya simu yaweza kumfikia mnunuzi aliye ng’ambo. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, soko hilo lina wauzaji wengi mno na bei zake hazitulii. Ndiyo sababu zimezuka programu za kufuatilia bei, nyingine zikitolewa bila malipo. Ile iitwayo camelcamelcamel huonyesha jinsi bei ya bidhaa katika duka la Amazon ilivyopanda na kushuka. Nayo eRank, ambayo ina sehemu ya bure, huwasaidia wauzaji wa soko la Etsy kuchunguza bidhaa za washindani wao.

Hatuna ugomvi na vyombo hivi. Tunalosema ni kwamba humweleza fundi bei ya jirani, wala havimwelezi gharama yake mwenyewe. Asiyeijua gharama yake, kila bei ndogo aionayo itamtia hofu, naye atapunguza yake mpaka afanye kazi ya bure.

Tuchukue mfano. Tuseme mkonge, rangi na mikanda ya ngozi ya kiondo kimoja hugharimu Sh900, na kazi ya siku nne, kwa Sh700 kila siku, ni Sh2,800. Jumla ni Sh3,700. Kiondo hicho kinauzwa Etsy kwa dola 40. Soko hilo hutoza senti 20 za dola kwa kutangaza bidhaa, na asilimia 6.5 ya bei ikishauzwa. Tukiweka kando gharama za posta na za kupokea malipo, muuzaji hubaki na dola 37.20.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2024, dola moja ilivuka Sh160. Kwa kiwango hicho cha Sh160, muuzaji angepata Sh5,952, na faida ya Sh2,252. Kabla ya mwaka huo kwisha, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129. Kiondo kile kile, kwa bei ile ile ya dola 40, sasa kingeleta Sh4,799 na faida ya Sh1,099 tu. Zaidi ya nusu ya faida imeyeyuka, na programu ya bei haikuonyesha badiliko lolote!

Sasa tuseme fundi huyo anaona jirani ameandika dola 30, naye akamfuata. Baada ya makato atabaki na dola 27.85, yaani Sh3,593 kwa kiwango hicho cha Sh129. Ametumia Sh3,700. Ameuza, amesifiwa, na amepata hasara ya Sh107. Wala hajui kama jirani huyo amesuka kwa mkono au kwa mashine, au kama kuna mtu aliyewahi kukinunua kiondo chake kwa bei hiyo. Bei iliyoandikwa ni ombi tu. Bei halisi ni ile iliyolipwa.

Kwa hivyo chombo cha kwanza cha bure si programu, bali ni daftari. Ukurasa mmoja wenye safu za tarehe, malighafi, siku za kazi, makato ya soko, kiwango cha dola na fedha zilizobaki unatosha. Viwango vya kubadilisha fedha hutangazwa na Benki Kuu ya Kenya, na havilipiwi. Baada ya hayo, programu ya kufuatilia bei itakuwa na faida, kwani fundi atajua ni wapi asipothubutu kushuka.

Hapa ndipo tunapowageukia walimu wa Hisabati na wa Biashara. Asilimia, faida na hasara hufundishwa kwa mifano ya maduka ambayo mwanafunzi hajapata kuyaona. Kwa nini asipewe kazi ya kupiga hesabu ya kiondo cha mama yake, au ya kinyago cha jirani? Nanyi wanafunzi, katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaowashikia wazazi simu na kuwapigia picha za bidhaa. Msikomee kwenye picha. Waulizeni wametumia siku ngapi, kisha andikeni.

Mkono unaosuka kwa siku nne unastahili ujira wa siku nne. Hesabu hiyo hakuna jirani atakayetufanyia.